Susu Anatembea Tena: Je, Ni Nini Kilichomponya?

Hebu tuanze na kisa ambacho bila shaka kinafanana na kimoja ulichowahi kukiona kijijini mwenu. Tuseme susu yako, huko Mutomo, ameamka asubuhi moja akakuta mkono na mguu wa kulia umelegea na mdomo umekwenda upande. Ni kiharusi. Analazwa hospitalini siku kadhaa, kisha anarudishwa nyumbani. Mtaalamu wa tiba ya viungo amemwonyesha mama yako namna ya kumnyoosha na kumsimamisha. Jirani analeta mafuta ya kumsugua. Wazee wa kanisa wanakuja kila Jumatano kumwombea. Mjomba naye ananunua dawa ya mizizi sokoni. Baada ya miezi mitatu, susu anashika mkongojo na kutoka chumbani hadi jikoni. Furaha iliyoje!

Hapo ndipo mabishano yanapoanza. Jirani anasema ni mafuta yake. Mjomba anaapa ni mizizi. Mama anasema ni yale mazoezi ya asubuhi na jioni. Je, nani mkweli?

Jibu ni kwamba kwa kisa hiki peke yake hakuna anayeweza kujua. Watu wengi waliopatwa na kiharusi hupata nafuu kubwa katika miezi mitatu ya kwanza kwa sababu mwili na ubongo hujirekebisha wenyewe kwa kiasi fulani. Jogoo huwika alfajiri na jua likachomoza, lakini si jogoo aliyelileta jua. Huenda mazoezi yalisaidia sana, huenda yalisaidia kidogo, huenda susu angetembea tu. Ili kujua, hatuna budi kulinganisha. Na kulinganisha vizuri, bila kuwachosha wagonjwa na bila kumaliza pesa, ni elimu kamili ambayo nataka tuigusie katika makala haya.

Tiba ninayoizungumzia ni ile ya kumsaidia mtu arudie kutembea, kushika, kusema na kujihudumia baada ya ugonjwa au ajali. Tuiite tiba ya kurejesha uwezo. Ndugu zetu wa Tanzania huiita utengamao. Si jambo la watu wachache. Kwa takwimu za mwaka 2019, ilikadiriwa kwamba watu kama bilioni 2.4 duniani wana hali za kiafya ambazo zingeweza kupata nafuu kwa tiba hii. Huku kwetu, sensa ya mwaka huo huo ilihesabu watu 1,136,187 katika Kaunti ya Kitui na 987,653 katika Makueni. Miongoni mwao wamo waliovunjika miguu katika ajali za bodaboda, wazee wenye kiharusi, na watoto ambao ubongo wao uliumia wakati wa kuzaliwa. Wataalamu ni wachache na barabara ni ndefu. Kwa hiyo tiba isiyofaa inamnyima mwingine ile inayofaa.

NIA NJEMA HAITOSHI

Mtu anaweza kuniuliza: mbona tujisumbue? Si mazoezi ni mazoezi tu, yatamdhuru nani? Ngoja kwanza, ndugu yangu.

Kwa muda mrefu wataalamu wengi waliamini kwamba mgonjwa wa kiharusi akiinuliwa kitandani mapema sana, katika saa 24 za kwanza, na kusimamishwa mara nyingi kwa siku, atapona vizuri zaidi. Lilionekana wazo la busara kabisa. Likafanyika jaribio kubwa liitwalo AVERT, lenye wagonjwa 2,104 katika hospitali 56 za nchi tano. Matokeo yalitolewa mwaka 2015. Miongoni mwa wale walioinuliwa mapema sana na mara nyingi, asilimia 46 walikuwa na hali nzuri baada ya miezi mitatu. Miongoni mwa wale waliopewa huduma ya kawaida walikuwa asilimia 50. Yaani ile pupa haikusaidia, ilipunguza nafuu. Haraka haraka haina baraka, wahenga hawakukosea.

Mfano mwingine uko hapa hapa Afrika Mashariki, ingawa si wa tiba ya viungo. Vitabu vya tiba vilifundisha kwamba mtoto aliyefika hospitalini na homa kali, damu yake haizunguki vizuri, aongezewe maji mengi kwa haraka kupitia mshipa. Jaribio liitwalo FEAST, lililoongozwa kutoka Kilifi na kufanyika Kenya, Uganda na Tanzania, liliwahusisha watoto 3,141. Mwaka 2011 matokeo yaliwashtua madaktari duniani kote. Katika saa 48 za kwanza, karibu watoto 11 kwa kila 100 waliopewa maji kwa haraka walifariki. Kwa wale ambao hawakupewa kwa haraka, walifariki kama 7. Waliotoa maji yale walikuwa na nia njema kabisa. Lakini nia njema bila kipimo inaweza kuzika.

KURA, NA MACHO YASIYOJUA

Jaribio la haki linajengwaje? Kwanza, wagonjwa hugawanywa makundi mawili kwa kura, si kwa kupenda. Daktari akiachiwa achague, atawapeleka wenye nguvu kwenye tiba mpya na wanyonge kwenye ile ya zamani, hata bila kukusudia. Kisha tiba mpya itashinda kwa sababu ilipewa wachezaji wazuri. Kura huwachanganya wote: mwenye shamba kubwa na asiye na kitu, wa mjini Wote na wa kule Tseikuru, mwenye kisukari na asiye nacho.

Pili, kundi la kulinganishia haliachwi bure. Hupewa huduma ile ile ya kawaida ambayo wangeipata.

Tatu, anayepima asijue nani alipata nini. Katika majaribio ya dawa, mgonjwa anaweza kupewa kidonge kisicho na kitu kinachofanana na kile cha kweli, asijue. Lakini katika tiba ya viungo utamfichaje mtu kwamba anafanya mazoezi? Haiwezekani asilani. Kwa hiyo dawa yake ni kumleta mpimaji mgeni, asiyejua kura ilimwangukia nani, na mgonjwa aombwe asimwambie.

HESABU INAYOTISHA

Sasa tuingie kwenye hesabu, na tafadhali usifunge gazeti!

Chukua shilingi uirushe mara 10. Kupata upande mmoja, tuseme wa nambari, mara 7 au zaidi si ajabu. Hutokea kama mara 17 katika kila majaribio 100 ya namna hiyo. Sasa irushe mara 100. Kupata nambari mara 70 au zaidi kwa bahati tu hutokea chini ya mara moja katika elfu ishirini. Si unaona? Wachache hudanganya kwa urahisi, wengi hudanganya kwa shida. Ndiyo maana jaribio linahitaji watu wa kutosha.

Wangapi basi? Tuchukulie tunataka kupima mazoezi mapya kwa kuangalia umbali ambao mgonjwa anaweza kutembea kwa dakika 6. Hiki ni kipimo ambacho wataalamu wa viungo hukitumia kweli, na hakihitaji mashine, ila saa na uwanja ulionyooka. Tuseme wagonjwa hutofautiana sana, kwa mtawanyiko wa mita 100 hivi, na sisi tunaona kwamba nyongeza ya mita 50 ingemfaa mtu maishani, kwa mfano kumfikisha kisimani. Tunataka nafasi nne katika tano za kuigundua tofauti hiyo ikiwa ipo kweli, na nafasi isiyozidi moja katika ishirini ya kudanganywa na bahati ikiwa haipo. Kanuni za takwimu zinatupa wagonjwa 63 kila kundi, yaani 126 kwa jumla.

Tukitaka kugundua tofauti ya mita 25 badala ya 50, hesabu haiongezeki mara mbili. Inaongezeka mara nne! Tutahitaji zaidi ya wagonjwa 500. Sasa fikiria kaunti kama Kitui, yenye ukubwa wa takribani kilomita mraba 30,000, na mtaalamu mmoja akiwasaka wagonjwa 500 kuanzia Ikutha hadi Kyuso. Atazeeka kabla ya kupata jibu.

Hapa ndipo ilipo hoja yangu kuu. Jaribio lenye akili si lile kubwa kuliko yote. Ni lile linalopata jibu la kweli kwa kuwasumbua wagonjwa wachache kadiri iwezekanavyo, na kutompoteza bure hata mmoja wao. Zifuatazo ni njia za kulifanya hilo.

KUPUNGUZA GHARAMA BILA KUPUNGUZA UKWELI

Kwanza, pima kabla ya kuanza. Mtu aliyeanza akitembea mita 200 na aliyeanza na mita 50 hawawezi kuhukumiwa sawasawa mwishoni. Ukikijua kipimo cha mwanzo, unaweza kukiingiza katika hesabu ya mwisho. Ikiwa vipimo hivyo viwili vinahusiana kwa uwiano wa 0.7, basi 0.7 mara 0.7 ni 0.49, maana yake karibu nusu ya ule mtawanyiko ulishajulikana tangu mwanzo. Inabaki 0.51. Zidisha 126 kwa 0.51 utapata kama 64. Yaani wagonjwa 64 wanafanya kazi ya 126, kwa sababu tu mtu alikumbuka kupima siku ya kwanza! Hiyo ndiyo faida ya hesabu tunazolalamikia darasani.

Pili, usiitupe habari uliyoipata kwa jasho. Watafiti wengine hupima mita, halafu mwishoni wanaandika tu "amefaulu" au "ameshindwa". Ni kama mwalimu akusahihishie mtihani wote kisha akuandikie alama moja tu, ya kupita au kuanguka. Aliyepata 51 na aliyepata 95 wanakuwa sawa. Ukiwagawa wagonjwa hivyo katikati, utahitaji karibu 200 kupata nguvu ile ile ya 126. Mita zibaki mita.

Tatu, usiwaache wagonjwa wapotee njiani. Ukitarajia mmoja katika kila watano asirudi kupimwa, itakubidi uanze na 158 ili ubaki na 126. Na kuna hatari kubwa kuliko hiyo. Wasiorudi si sawa na wanaorudi. Aliyezidiwa hawezi kupanda matatu. Aliyepona kabisa amekwenda zake shambani. Ukiwapima waliobaki tu, picha yako imepinda, na kuongeza idadi hakutainyoosha.

Hapa sisi wenyeji tunajua mambo ambayo mtaalamu wa mbali hawezi kuyajua. Katika Ukambani mvua za Oktoba hadi Desemba ndizo tegemeo kubwa. Ukimwita mtu kliniki wakati wa kupanda na kupalilia, utamngoja mpaka uchoke, maana ndengu hazimngoji daktari. Wakati wa kiangazi kikali, mama anayemtunza mgonjwa huenda anatembea nusu siku akitafuta maji. Basi vipimo vipangwe kwa kufuata kalenda ya shamba. Mgonjwa apimwe siku ya soko ambapo angekuja mjini hata hivyo, au mpimaji amfuate nyumbani. Wahudumu wa afya ya jamii wanaijua njia ya kila boma. Nauli ikilipwa na simu ikapigwa siku moja kabla, utaokoa wagonjwa wengi kuliko kununua kompyuta mpya.

Nne, linganisha tiba kadhaa kwa wakati mmoja. Jambo hili si geni kwetu. Mnamo miaka ya 1970 mwanzoni, watafiti wa Afrika Mashariki wakishirikiana na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza walitaka kufupisha matibabu ya kifua kikuu, ambayo wakati huo yalichukua miezi 18. Badala ya kufanya majaribio manne, walifanya moja. Walipima mipango minne ya miezi 6, yote ikilinganishwa na kundi moja la matibabu ya miezi 18. Ukifanya majaribio manne mbalimbali unahitaji makundi manane. Wao walitumia matano. Matokeo ya kwanza yalichapishwa mwaka 1972, na ilionekana kwamba mipango yenye dawa ya rifampisini au pirazinamidi iliwaacha wachache tu warudiwe na ugonjwa. Leo mgonjwa wa kawaida wa kifua kikuu hutibiwa kwa miezi michache, na mbegu ya jambo hilo ilipandwa huku kwetu. Kwa nini wataalamu wa viungo wasifanye vivyo hivyo? Kundi moja lifanye mazoezi nyumbani na jamaa, lingine lifundishwe kwa simu, la tatu likutane kijijini kama mwethya, na yote yalinganishwe na kundi moja la huduma ya kawaida.

Tano, chungulia katikati, lakini kwa kanuni. Kamati huru inaweza kuangalia matokeo kabla ya mwisho. Lile jaribio la FEAST lilipangiwa watoto 3,600, lakini kamati ilipoona madhara, Januari 2011 ilishauri usajili usimamishwe. Watoto zaidi ya 400 ambao wangeingizwa hawakuingizwa. Hata hivyo siku za kuchungulia na kiwango cha kusimamisha viandikwe mapema. Ukichungulia kila wiki na kusimamisha siku unayopendezwa na matokeo, wewe ni sawa na refa anayepuliza kipenga mara tu timu yake inapofunga bao.

Sita, usivae nguo ya mwenzio. Katika dawa za maumivu, kwa mfano, mgonjwa anaweza kupewa dawa moja mwezi huu na nyingine mwezi ujao, akajilinganisha na nafsi yake. Wagonjwa wachache sana wanatosha. Lakini katika tiba ya viungo, mtu akishajifunza kutembea utamwambiaje asahau ili aanze upya? Mazoezi hayatoki mwilini kama dawa inavyotoka. Vilevile kuna wanaopenda kupiga kura kwa zahanati nzima badala ya mtu mmoja mmoja. Ni vyema pale ambapo majirani wangeigana mazoezi, lakini kuna gharama yake. Watu wa zahanati moja hufanana: wana mhudumu mmoja na njia zao ni zile zile. Hata wakifanana kidogo tu, kwa kiasi cha 0.05, na kila zahanati ikawa na wagonjwa 20, utahitaji karibu mara mbili ya wagonjwa. Wale 126 wanakuwa kama 246. Kwa hiyo njia hiyo itumike kwa sababu ya maana, si kwa sababu ni rahisi kuipanga.

"HAPANA" NAYO NI JIBU

Watu wengi hudhani jaribio lisiloonyesha ushindi limeshindwa. La hasha! Mwaka 2011 yalitolewa matokeo ya jaribio la Marekani liitwalo LEAPS, lenye watu 408 waliopatwa na kiharusi. Baadhi walifundishwa kutembea juu ya mashine ya mkanda unaozunguka huku wamening'inizwa kwa kamba za kuwapunguzia uzito. Wengine walifanyiwa nyumbani mazoezi ya nguvu na ya kusimama imara, wakiongozwa na mtaalamu. Baada ya mwaka mmoja, makundi yalikuwa sawa katika kutembea; zaidi kidogo ya nusu ya watu wote, asilimia 52, walikuwa wameongeza uwezo wao wa kutembea. Kwa hospitali ya kijijini ambayo haina mashine kama hiyo, hiyo "hapana" ni habari njema kama mvua ya Novemba.

Lakini tusikimbilie kusema nyumbani kunatosha. Huko India, jaribio la ATTEND liliwafundisha jamaa kuwafanyisha mazoezi wagonjwa wa kiharusi nyumbani. Lilikuwa na wagonjwa 1,250 katika hospitali 14. Mwaka 2017 lilionyesha kwamba asilimia 47 katika makundi yote mawili walikuwa wamefariki au wanategemea wengine baada ya miezi 6. Hakuna tofauti. Kwa hiyo katika kisa chetu, pengine mama anahitaji zaidi ya maonyesho ya siku mbili. Pengine mtaalamu hana budi kumrudia. Hilo linahitaji kupimwa, na lipimwe hapa, kwa sababu kijiji cha India si kijiji cha Kitui.

MGONJWA SI CHOMBO

Mwisho, tusisahau kwamba kila namba niliyoiandika ni mtu. Nchini Kenya, utafiti kama huu huhitaji kupitishwa na kamati ya maadili, na mtafiti apate kibali cha Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu. Mgonjwa aelezwe kwa lugha anayoielewa. Kama ni Kikamba, basi Kikamba. Aambiwe kwamba itapigwa kura, na kwamba ana haki ya kukataa au kujitoa wakati wowote bila kunyimwa huduma. Hapa ndipo hesabu na utu vinapokutana. Jaribio dogo kupita kiasi linawasumbua watu wasipate jibu. Jaribio kubwa kupita kiasi linaendelea kuwapa watu tiba duni ilhali jibu lilishapatikana. Yote mawili ni kosa.

Wanafunzi wenzangu, baadhi yetu tutakuwa wauguzi, wataalamu wa viungo, walimu wa hesabu na hata madaktari. Wengine tutabaki nyumbani kuwatunza akina susu, na kazi hiyo si ndogo. Siku mtu atakapobisha mlangoni akikuuliza kama mgonjwa wenu angekubali kushiriki utafiti, usimfukuze na usimkubalie ovyo. Muulize: kura itapigwaje? Nani atapima, naye anajua nini? Mtampima kabla ya kuanza? Mtarudi kutuambia matokeo? Akijibu vizuri, mkaribishe, mpe kiti. Huenda yeye ndiye atakayemaliza ubishi kati ya jirani na mjomba.